Barua Zenu: Hii Urani ya Kwenye Risasi Inatuhusu Nini?

Kamwene wasomaji wa Iringa, na nyie wa Rungwe na Mbeya ndaga kwa barua. Toleo lililopita tuliandika kidogo tu kuhusu mgodi wa urani wa Namtumbo, kumbe tumechokoza nyuki. Meseji zimemiminika na nyingi wala hazikuuliza mgodi, zimeuliza vita, maana watu wamesikia redioni kwamba kuna risasi zinatengenezwa kwa urani hafifu, zimetumika Iraki, zimetumika Kosovo, na sasa zimepelekwa Ukraine, na kila mtu ana stori yake juu ya vumbi lake. Nimechagua chache, zile zinazofanana nimeziunganisha.

*Mwandishi habari za kazi. Kijana wangu ni mwanajeshi, yuko Lebanon kulinda amani na Umoja wa Mataifa. Mtu mmoja tunayesali naye kaniambia kule askari wanavuta vumbi la urani, wakirudi wanapata kansa na wanazaa watoto wenye kasoro. Tangu siku hiyo usingizi umeniruka. Nimpigie simu aombe kurudi? — Mama wa Uyole, Mbeya*

Shikamoo mama. Nianze na Lebanon yenyewe kwanza halafu ndo nije kwenye hilo vumbi, maana najua ndo unachotaka kusikia. Baada ya vita ya 2006 kati ya Israeli na Hezbollah uvumi huu huu ulizuka, wakapelekwa wataalamu wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, wakachota udongo, wakafuta vumbi kwenye mashimo ya mabomu na majengo yaliyobomoka, wakapeleka maabara. Hawakukuta urani hafifu. Walichokuta kwa wingi huko kusini ni mabomu ya mtawanyiko yaliyolala mashambani bila kulipuka, na hayo mama ndo ya kumsisitizia mwanao asiyakaribie, sisemi hivi kukuongezea mawazo, nasema kwa sababu mtu akihofia kitu ambacho hakipo anaweza kusahau kilichopo.

Sasa vumbi. Urani inayotoka ardhini ina aina mbili kubwa, ile ya 238 ambayo ni zaidi ya asilimia 99, na ya 235 ambayo haifiki hata asilimia moja, ni kama 0.7. Hiyo ndogo ndo inayotafutwa kwa ajili ya vinu vya umeme na mabomu ya nyuklia. Kiwandani wanaichuja waipate nyingi, kinachobaki baada ya kuchuja ndo urani hafifu, 235 yake imeshuka hadi kama 0.2 au 0.3, na mionzi yake ni kama asilimia 60 ya ile ya urani ya kawaida. Kwa hiyo si bomu la nyuklia na haiwezi kulipuka kama Hiroshima, hilo liondoe kabisa kichwani.

Wanaitia kwenye risasi kwa sababu ya uzito. Chupa ya maji ya lita moja ukiijaza urani inapima kama kilo 19, ukiijaza chuma haifiki hata nane. Halafu ina tabia moja mbaya, ikigonga ubavu wa kifaru ncha yake haibutuki, inajinoa yenyewe huku inaingia, na vile vipande vinavyomeguka vinawaka moto. Na ni rahisi kupatikana maana ni mabaki, nchi zenye viwanda zimeyarundika. Marekani walizitumia kwa wingi mara ya kwanza Ghuba 1991, kama tani 300 hivi kwenye jangwa la Iraki na Kuwait, kwenye vifaru vyao na kwenye ile ndege ya A-10 yenye mzinga wa milimita 30. Waingereza nao walipiga, ila chini ya tani moja.

Ule moto ndo unaoleta vumbi. Kifaru kikipigwa, sehemu ya urani inageuka vumbi jeusi laini sana linalokaa ndani ya kifaru na kuzunguka pale karibu. Ukiwa nje unakiangalia, mionzi yake mingi haipenyi hata ngozi. Ukiivuta ikaingia kwenye mapafu, au kipande kikabaki mwilini, hapo ndo hesabu inabadilika, na wataalamu wanaogopa vitu viwili kwa pamoja: mionzi inayokaa karibu na nyama ya mapafu, na sumu ya chuma chenyewe ambayo inakwenda kupiga figo, sawa na madini mengine mazito yanavyofanya. Kwa watu wengi hiyo ya figo ndo ya kwanza kuangaliwa, japo hakuna anayeiongelea kwa sababu neno kansa linatisha zaidi.

Na wako watu waliopimwa miaka mingi. Vita ya 1991 Wamarekani walipigana wenyewe kwa wenyewe kwa bahati mbaya, vifaru vyao vikapigwa na risasi zao za urani, baadhi ya askari wakabaki na vipande mwilini ambavyo haviwezi kutolewa vyote. Kundi lao linafuatiliwa hospitali ya maveterani Baltimore tangu miaka ya 1990. Mkojo wao hadi leo unatoa urani nyingi kuliko kawaida, lakini figo zao hazijaonyesha kuharibika kwa kiwango kilichotarajiwa. Kundi ni dogo kwa hiyo mtu asichukue hiyo akasema basi ni salama, ila nalo ni jibu kwa anayesema kila aliyegusa amekufa. Na ule ugonjwa wa ajabu wa askari wa Ghuba, uchovu, viungo kuuma, kusahau sahau, watafiti walitoa matokeo 2021 baada ya kupima mikojo ya wagonjwa kwa mashine kali sana na hawakukuta dalili ya urani hafifu, siku hizi macho yamegeukia gesi ya sumu ya sarini.

Kwa watoto wa kule vita vilikopiganwa mimi siko tayari kusema hakuna shida. Shirika la Afya Duniani lilipoandika kuhusu hili 2001 lilitaja watoto kabisa, kwamba mtoto anachezea udongo na kuweka mkono mdomoni, kwa hiyo ndo anayeweza kuingiza nyingi kuliko mtu mzima. Basra na Falluja, miji ya Iraki, madaktari wamelia sana kuhusu watoto wanaozaliwa na kasoro. Ubishi ni chanzo, maana miji ile ilipigwa na kila aina ya silaha, kuna madini ya risasi (ledi) na zebaki, kuna njaa ya miaka ya vikwazo, na vipimo vya udongo na vya watu havikufanywa mapema wakati ndo vilikuwa na maana. Mtu aliyemzika mwanae Basra akiambiwa haijathibitika, usimlaumu akikasirika.

Sasa simu. Mpigie mama, msalimie, ila usimwambie aombe kurudi. Mwambie tu asipande kwenye gari lolote la vita lililoungua hata kama wenzake wanapiga picha juu yake, asiokote kipande cha chuma kuleta nyumbani kama kumbukumbu, na anawe kabla ya kula. Ni mambo ambayo mkuu wake ameshamwambia, lakini la mama linasikika zaidi.

*Mimi ni mwanafunzi wa sheria mwaka wa pili hapa Iringa. Tulibishana darasani, mwalimu anasema silaha za urani hafifu hazijapigwa marufuku popote. Iweje mabomu ya ardhini yamepigwa marufuku na hii yenye mionzi iachwe? Si ubaguzi huu wa wakubwa? — Mwanasheria Mtarajiwa*

Mwalimu wako yuko karibu na ukweli ila "popote" ameizidisha. Ubelgiji walipitisha sheria ya kuzikataza 2007, wa kwanza duniani, na Costa Rica wakafuata 2011. Kimataifa ndo hakuna mkataba. Mabomu ya ardhini yana mkataba wake wa 1997, ya mtawanyiko wa 2008, urani hafifu haina. Kilichopo ni sheria za jumla za vita, Itifaki ya kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, soma ibara ya 35 na 55 kuhusu mateso yasiyo ya lazima na uharibifu wa mazingira, na ya 36 inayotaka nchi ikague silaha mpya kabla ya kuitumia, hizo zitakusaidia kwenye mtihani na kwenye ubishi pia.

Umoja wa Mataifa umeongea. Baraza Kuu lilianza maazimio juu ya hizi silaha 2007 na limerudia mara kadhaa, la 2014 nchi 150 zilikubali, 27 zikakaa kimya, zilizokataa ni nne tu, Marekani, Uingereza, Ufaransa na Israeli. Azimio lenyewe ukilisoma wala halipigi marufuku, linaomba vitu ambavyo mtu mwenye akili timamu hawezi kuona vigumu, kwamba nchi iliyopiga iiambie nchi iliyopigwa alipopiga na kiasi gani.

Na kwangu mimi kesi yote iko hapo. Wanafunzi mnapenda kubishana kama ni nyuklia au si nyuklia, inaua au haiui, mnakesha, wakati mwenye kupiga ana ramani kwenye droo. Angalia Kosovo. Ndege za NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani na Ulaya, zilipiga 1999, vita ikaisha Juni mwaka ule ule, watu wakarudi wakajenga, wakalima. NATO walikiri mwanzoni mwa 2000 kwamba risasi kama 31,000 zilipigwa, na ramani yenye sehemu zenyewe moja moja ikatoka katikati ya mwaka huo, zaidi ya mwaka mzima mtoto anacheza mahali asipojua pana nini. UNEP walipofika Novemba 2000 walikuta kile kiini cha risasi kiko kwenye udongo, kitu chenyewe kina urefu wa milimita 95 tu, unene wa kidole, gramu kama 300, kingine kimezama ardhini kwa sababu hakikugonga chuma. Mtu akikishika bila kujua ataona kimsumari kizito kimepauka, atakitia mfukoni.

Bosnia nako ndege zilipiga 1994 na 1995, wataalamu walifika miaka saba baadaye. Viini walivyochimbua vilikuwa vimeshaliwa na kutu karibu robo ya uzito, wakakadiria vitaisha kabisa na kuwa vumbi la udongo ndani ya miaka 25 hadi 35. Hadžići, pembeni ya Sarajevo, palipokuwa na karakana ya vifaru, walikuta chembe za urani hafifu kwenye maji ya kunywa, kidogo sana chini ya viwango vya hatari, lakini zilikuwemo. Hiyo ndo sababu ya kutaka ramani mapema. Kiini kizima unakiokota kwa mkono wenye glavu unakitia kwenye ndoo, kikishayeyuka kwenye udongo utaokota nini?

Syria ndo usiseme. Marekani walisema mwanzoni hawatatumia, halafu 2017 wakakubali kwamba Novemba 2015 walipiga risasi 5,265 za urani hafifu kwenye malori ya mafuta ya Islamic State. Malori bwana, si vifaru. Lori la mafuta linatobolewa na risasi yoyote. Sasa wakubwa wakikuambia silaha hii wanaihitaji kwa ajili ya chuma kinene tu, waulize hapo.

Waingereza kwa haki yao, walitoa ramani za walipopiga Iraki 2003, tani kama 1.9. Kwa hiyo inawezekana.

*Oya kaka mambo vipi. Mi nanunua skrepa Mwanjelwa. Kuna jamaa kaja na kipande cha chuma kidogo kizito kinoma, cheusi, kiko ndani ya kopo la maziwa limefungwa na karatasi la alama ya mionzi. Anasema kimetoka Kongo kwenye kifaru kilichoungua, ni urani, anataka milioni tatu, eti kuna Mzungu Dar atakinunua milioni 40. Nimemwambia arudi Ijumaa. Nichukue? — Mzee wa Vyuma*

Poa kaka. Usichukue, na Ijumaa asikukute peke yako.

Hapo kuna mambo matatu na yote ni mabaya. La kwanza na ndo ninaloliamini, ni utapeli. Sehemu ambazo imethibitika risasi hizi zimepigwa vitani ni Iraki, Kuwait, Bosnia, Kosovo, Serbia, Montenegro na Syria, Kongo haimo. Na hata ingekuwa kweli, nani atatoa milioni 40? Hayo ni mabaki kaka, Marekani peke yake wanayo laki kadhaa za tani kwenye mapipa na wanahangaika wayatupe wapi. Huyo Mzungu wa Dar hayupo, atakayekuja ni mwenzake na huyo jamaa, atakwambia mzigo ni safi ila lete kwanza hela ya kupima, halafu hela ya kibali, ukija kushtuka mtaji umekwisha. Mchezo wa zebaki nyekundu ulikuwa hivi hivi, umebadilishwa jina tu.

La pili, tuseme ni urani kweli. Basi umeshika madini ya mionzi bila leseni, na sheria ya nguvu za atomiki ya 2003 haina utani, hapo huongei na mgambo wa soko unaongea na serikali. Na kijana wako akikitia grenda au kukikata kwa gesi, chembe zake zinawaka zenyewe na moshi wake ndo ule ule wa kwenye kifaru niliomweleza mama wa Uyole hapo juu, safari hii uko ndani ya banda lako la bati lisilo na dirisha.

La tatu ndo linanitisha kuliko yote, na wewe wa skrepa ulijue hata kama hutamuona tena huyo jamaa. Kipande kizito kuliko kawaida chenye alama ya mionzi kinaweza kuwa ni kikopo cha kuhifadhia chanzo cha mionzi, vile vinavyotoka kwenye mashine kuukuu za hospitali au za kupimia barabara na mabomba. Humo ndani kunaweza kuwa na kitu kikali kuliko urani hafifu mara nyingi sana. Mwaka 1987 mji wa Goiânia kule Brazili vijana waliingia hospitali iliyohamwa wakang'oa kichwa cha mashine ya kansa wakakiuza kwa mnunua skrepa. Kikafunguliwa, ndani kuna unga wa sizimu, kitu chenye mionzi mikali, unang'aa bluu gizani, watu wakaita majirani waje kuona, wakajipaka, wakapelekea watoto. Watu wanne walikufa, mmoja ni mtoto wa miaka sita, na wengine zaidi ya 200 wakakutwa na mionzi miilini. Yule mnunuzi alikuwa mtu wa kazi kama wewe, hakuwa mjinga, alikuwa hajui.

Kwa hiyo kitu kama hicho kikiletwa bandani usikifungue, usikigonge, usikipime kwenye mzani ukakikumbatia, sogeza watu mbali kabisa na piga simu polisi, waambie waite Tume ya Nguvu za Atomiki. Makao makuu yao yako Arusha ila polisi wanajua kuwapata. Na huyo jamaa ukiwaambia polisi kuhusu Ijumaa nadhani watafurahi sana.

*Sisi huku Songea tunaambiwa urani ya Namtumbo ni neema. Swali langu dogo: itaishia kwenye umeme au kwenye risasi za kuwaulia watu? — Mwalimu mstaafu*

Shikamoo mwalimu, swali dogo halipo hapo. Mradi wa Mto Mkuju, ndo huo wa Namtumbo, uko chini ya kampuni tanzu ya Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi, na Julai 2025 kiwanda cha majaribio kilizinduliwa. Kitakachotoka Namtumbo ni ule unga wa njano tu, urani ya asili iliyosafishwa, Tanzania hatuna kiwanda cha kuchuja kwa hiyo urani hafifu hatuwezi kuitengeneza hata tukitaka. Sisi ni wanachama wa mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia na wa ule wa Pelindaba unaokataza silaha hizo Afrika, na shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, IAEA, linafuatilia mzigo usiende kwenye bomu.

Hapo ndo watu wengi wanaishia kujibu, ila wewe umeuliza risasi. Kila kilo moja ya mafuta ya kinu cha umeme inaacha nyuma kilo saba hivi za urani hafifu, inategemea wanachuja kiasi gani. Hizo kilo saba zinabaki kwa mwenye kiwanda, na zikishachanganyika kwenye mapipa hazina tena jina la Namtumbo. Urusi nayo ina risasi za aina hii kama Marekani na Uingereza. Ufuatiliaji umewekwa kukazania bomu la nyuklia, haukuwekwa kwa ajili ya risasi ya kifaru. Kwa hiyo jibu la kweli ni umeme kwanza, na mabaki anaamua mwenye nayo, na kama tunataka sauti kwenye hilo mahali pa kuisemea ni kwenye mkataba wa mauzo kabla mzigo haujavuka bandari. Wabunge wa Ruvuma mnawaona jimboni, muwaulize kama kifungu hicho kipo.

Na kwa wa Kyela mlioandika kuhusu mgodi wa Kayelekera hapo ng'ambo Karonga, Malawi: ule nao ni wa urani ya asili, hauhusiani na risasi. Ulifunguliwa 2009, ukasimama 2014, na sasa umefufuliwa. Hofu yenu ya maji ya ziwa ni swali halali la mgodi wowote, tutalifanyia toleo lake lenyewe maana linastahili.

*Kijukuu changu kanisomea kwenye simu kwamba ghala la risasi za urani lililipuliwa Ukraine na wingu lake linatembea dunia nzima. Mvua ya Tukuyu unaijua, kila kinachopita juu kinatuangukia sisi. Chai yangu iko salama? — Babu wa Tukuyu*

Shikamoo babu. Hiyo habari ni ya Mei 2023, ghala la Khmelnytskyi lililipuka kweli, halafu maneno yakasambaa kwamba wingu la mionzi linaelekea Ulaya. Poland ndo wangelipata wa kwanza, mamlaka yao ya atomiki ikaangalia mitambo yake ikasema hakuna kilichopanda. Vumbi la urani ni zito, linaanguka karibu na lilipotokea, Ukraine hadi Rungwe hapafikiki. Na chai ya kwenda nje Tume ya Atomiki huwa inaipima mionzi na kutoa cheti kabla haijasafirishwa, kwa hiyo ukiwa na wasiwasi kaulize kiwandani mnakopeleka majani, wana makaratasi hayo.